Nepi, Poti na Aibu Isiyo ya Mtoto

Kila Desemba, nyumba nyingi za Dar es Salaam huingia kwenye mbio ambazo mhusika mkuu hana habari nazo. Mtoto wa miaka miwili na nusu, au mitatu kasoro, ameandikishwa chekechea. Masomo yanaanza Januari. Na kwenye fomu ya shule upo mstari unaotaka mtoto awe anajua kwenda chooni. Mama anahesabu wiki zilizobaki. Asubuhi moja pampasi inavuliwa na hairudishwi, poti ya plastiki inawekwa katikati ya sebule, na mtoto anaambiwa akae. Anakaa. Dakika zinapita, hakuna kinachotoka. Anainuka, anapiga hatua tatu, anakojolea zulia.

“Si nimekuuliza sasa hivi kama umebanwa?” Ni kweli ameulizwa sasa hivi, na ni kweli amesema hajabanwa. Hakudanganya. Kibofu cha mtoto wa umri huo hubeba mkojo usiozidi sana nusu kikombe cha chai, na habari kwamba kimejaa humfikia akilini karibu sawia na mkojo wenyewe. Alipokuwa kwenye poti, macho ya nyumba nzima yakimkodolea, misuli ilijibana. Alipoinuka na kujisahau, ikalegea. Hiyo ndiyo hesabu yote ya zulia lililolowa, na ndani yake hakuna ukaidi hata chembe.

Haraka hii ni ya wakubwa. Ina sababu za kweli: shule, bei ya pampasi, kazi, maji ya kununua, mwenye nyumba asiyetaka harufu. Sizidharau hata moja. Ninachokataa ni kuona deni la haraka hiyo linalipwa na mtoto, kwa makofi, kwa kuzomewa, kwa jina la kikojozi analolibeba mtaani mpaka anaanza darasa la kwanza.

Nyayo za bibi

Bibi zetu husema watoto wao waliacha kujikojolea kabla hawajajua kutembea, na wajukuu huchukulia kuwa ni majigambo ya wazee. Si majigambo. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Walikuta mama akianza kazi hiyo mtoto akiwa na wiki mbili au tatu tu tangu kuzaliwa. Anakaa chini na kunyoosha miguu, anamweka mtoto katikati ya mapaja, mgongo wa mtoto ukimwegemea, kisha anauita mkojo kwa sauti ndogo ya mdomoni, shuu, shuu. Ukitoka, mtoto anabembelezwa na kunyonyeshwa. Usiku na mchana, siku nenda siku rudi. Kufikia miezi mitano au sita, mtoto anangoja mkao ule na sauti ile ndipo aachie, na kwa sehemu kubwa anakaa mkavu.

Huko Marekani wakati huo madaktari walikuwa wakiwafundisha wazazi kwamba kabla ya mwaka mmoja na nusu mtoto hawezi lolote katika jambo hili. Mama wa Kidigo alikuwa akilifanya bila kitabu.

Wengi tuliokulia kwa bibi tumeiona kwa macho. Bibi anakaa kwenye kigoda nje ya jiko, anaweka nyayo zake mbili sambamba, anaacha nafasi kidogo katikati, na hapo juu anamkalisha mjukuu wakitazamana, magoti yake yakimzuia asianguke. Anamwimbia, anamkunia kichwa, anasubiri. Haja ikishatoka, jivu linamwagwa juu, koleo linapita, kinyesi kinakwenda shimoni. Mtoto anatawazwa kwa maji ya kata na kurudishwa mgongoni. Hakuna anayegomba, maana hakuna kilichoharibika: uwanja ni wa mchanga, na mtoto hakuvaa kitu.

Lakini tusome vizuri kilichokuwa kikifanya kazi pale. Mtoto yule alishinda mwilini mwa mtu. Akiwa mgongoni, mbebaji alihisi tumbo likikaza, miguu ikijinyonga, pumzi ikibadilika, akamshusha kwa wakati. Mama akienda shamba, yupo bibi. Bibi akilala, yupo shangazi. Shangazi akitoka, yupo dada wa miaka tisa. Siku zote alikuwepo mtu anayeujua mwili wa yule mtoto, na mtu huyo alikuwa na muda.

Sasa mchukue mfanyakazi wa leo wa Mbagala. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Zikiisha, anatoka nyumbani gizani kuwahi gari na anarudi gizani. Atauita mkojo saa ngapi? Pampasi iliingia kwenye maisha yetu kujaza pengo la mikono iliyoondoka, na ndiyo maana simwelewi mtu anayemsimanga mama huyu kwa uvivu eti kwa sababu yeye alilelewa na nepi za kitambaa zenye pini. Aliyezifua nepi hizo, akazichemsha, akazianika juani na kuzipiga pasi alikuwepo nyumbani kutwa.

Wamarekani wenyewe walipitia mabadiliko hayo mapema. Pampers zilianza kuuzwa mwaka 1961. Mwaka uliofuata daktari wa watoto T. Berry Brazelton akatoa ripoti ya watoto 1,170 aliowafuatilia, akashauri mtoto asisukumwe bali asubiriwe mpaka aonyeshe dalili kwamba yuko tayari. Kwa wastani watoto hao walimudu mchana wakiwa na miezi 28 na nusu. Ushauri wake ulikuwa wa huruma, na mpaka leo ndio msingi wa wanachofundisha madaktari wengi duniani. Hata hivyo, mwaka 1998 Brazelton huyo huyo alionekana kwenye tangazo la Pampers za saizi ya watoto wakubwa kabisa, na baadhi ya Wamarekani wakauliza kusubiri kuna mwisho gani na kunamfaidi nani. Swali lao lilikuwa la haki. Kumngoja mtoto ni jambo jema. Kumwacha ndani ya pampasi mpaka miaka minne kwa kuwa hakuna aliyekaa naye si kumngoja.

Njia ya bibi na njia ya daktari hazipingani. Mtoto wa Kidigo wa miezi sita alikuwa akisaidiwa na mtu mwingine. Wa miaka miwili na nusu tunamtaka ahisi mwenyewe, ajizuie, aseme, avue, akae, amalize, avae. Kuna mambo saba hapo, na kila moja lina umri wake wa kuiva. Kwa hiyo kabla ya kununua poti, mwangalie mtoto kwa siku kadhaa. Anakaa mkavu saa mbili hivi? Anaamka mkavu kutoka usingizi wa mchana? Anajificha nyuma ya mlango au pazia akitaka kujisaidia? Anavuta pampasi iliyolowa kana kwamba inamkera? Ukimwambia achukue kiatu akiweke pale, anafanya? Huyo anakaribia. Wengi hufika hapo kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, wasichana mara nyingi wakiwatangulia wavulana kidogo. Mtoto anayejificha nyuma ya pazia ndiye wa kumshangilia zaidi, maana tayari anajua kinachokuja kabla hakijatoka.

Poti, shimo na dada wa kazi

Poti ya plastiki ya Kariakoo inatosha. Haihitaji muziki wala kichwa cha mdoli. La muhimu ni nyayo za mtoto zifike chini na magoti yapande, kwa sababu mkao wa kuchuchumaa hunyoosha njia ya haja kubwa, jambo ambalo mtoto aliyening'inizwa kwenye choo cha kukaa cha wakubwa halipati mpaka awekewe kitu cha kukanyagia. Saa nzuri ni baada ya kula. Tumbo likipokea uji, utumbo huamka. Dakika kumi au ishirini baada ya kifungua kinywa, mkalishe kwa dakika chache, mpigishe hadithi, kisha mwinue hata kama hakijatoka kitu. Poti isigeuke kifungo. Na mvalishe kaptula ya lastiki. Jinzi yenye kifungo na mkanda imewalowesha watoto wengi walioshika mkojo mpaka mlangoni.

Choo cha shimo ni habari nyingine. Kwa mtu mzima ni tundu tu. Kwa mwenye miaka miwili ni giza lenye upana wa mwili wake, lenye joto na nzi wanaotoka chini. Akilia na kukuganda mguuni, usimwite mwoga. Januari 2014, huko Limpopo, Afrika Kusini, mvulana wa miaka mitano alikufa baada ya kutumbukia kwenye choo cha shimo cha shule. Hofu ya mtoto inaona sawasawa. Atumie poti mpaka miguu yake ipate nguvu, na akianza kwenda shimoni aende na mtu. Kwenye nyumba za kupanga, ambako vyumba sita vinagawana choo kimoja na foleni ya asubuhi ni ndefu, poti mlangoni mwa chumba ndiyo suluhisho pekee la maana, na majirani wanapaswa kulivumilia.

Kilichomo ndani ya poti kipelekwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni, ya mtoto na ya aliyemhudumia. Bado wapo wanaoamini kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara kwa sababu hajala chakula cha wakubwa, wakakitupa nyuma ya nyumba au kukiacha ndani ya pampasi inayotupwa mtaroni mvua ikinyesha. Watoto wadogo ndio wanaougua sana kuhara, kwa hiyo kinyesi chao mara nyingi ndicho chenye vijidudu vingi zaidi. Katika mtaro huo huo ndimo watoto wa jirani wanamochezea.

Niseme sasa la mtu ambaye makala za malezi humsahau. Katika nyumba nyingi za mjini, anayemzoesha mtoto poti ni dada wa kazi. Mara nyingi ni binti mdogo aliyetoka kijijini, ambaye hajawahi kulea mtoto wake. Mama amesoma kwenye simu njia ya kumzoesha mtoto poti kwa siku tatu, akaianza Jumamosi kwa bidii, mtoto akalowesha kaptula tano au sita mpaka jioni. Jumatatu anaondoka. Dada anabaki na mtoto asiye na pampasi, chungu jikoni, vyombo vya asubuhi, madumu mawili ya maji yanayotakiwa kutosha mpaka jioni, na kipande cha sabuni. Mtoto akilowa mara mbili kabla ya saa nne, maji ya kufulia yanaanza kugombana na maji ya kupikia. Dada anafanya ambalo mtu yeyote angefanya: anamvalisha pampasi mpaka saa kumi, au anamfinya. Mtoto anapata sheria mbili, ya mwisho wa wiki na ya siku za kazi, na kichwa chake hakina namna ya kuzipatanisha.

Ukitaka jambo hili lifaulu, kaa na dada huyo kwanza. Mweleze unachotaka, msikilize anavyoujua mwili wa mtoto, kwa kuwa anaujua kukuzidi. Kubalianeni saa za kumkalisha na kitakachosemwa akilowa. Ongeza sabuni na dumu la maji kwa mwezi huo. Punguza kazi nyingine. Mwambie kabla hujaondoka kwamba mtoto akilowa, hatagombezwa yeye. Bibi akija kutembea kutoka Tanga naye aambiwe, na mwalimu wa kituo cha kulelea watoto pia. Wazazi hutafuta njia bora kuliko zote; kwa ninavyoona, njia nyingi zinafaa ikiwa watu wanne wanaomlea mtoto mmoja wanafuata ile ile.

Kwa nyumba za Waislamu lipo jambo la ziada, na si dogo. Mkojo ni najisi, na mswala au mkeka uliolowa hausaliwi mpaka usafishwe. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, upo wepesi kwa mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na ambaye hajala ila maziwa: hunyunyiziwa maji tu. Huyu wetu anayekula wali na samaki ameshauvuka wepesi huo. Ndipo utamwona bibi, mpole kwa kila kitu, anakuwa mkali ghafla juu ya kona moja ya chumba. Ana haki yake. Pahala pa swala patengwe, mkeka ukunjwe na kuning'inizwa baada ya swala, poti iwekwe kwenye saruji tupu, na ugomvi mwingi utakwisha kabla haujaanza bila mtoto kuambiwa kwamba yeye ni mchafu.

Fimbo haifundishi kibofu

Nimeona mtoto akitembezwa mtaani na godoro bichi kichwani, watoto wenzake wakimfuata kwa nyimbo na makopo. Wakubwa walikaa barazani wakicheka. Yule mtoto alikuwa akitazama chini, jasho na mkojo vikimtiririka shingoni. Waliomtuma walidhani wanamfundisha. Mkojo wa usingizini hutoka mtu akiwa hajitambui. Fimbo ya asubuhi haina wa kumfundisha kule ndani.

Mchana fimbo hufanya vibaya zaidi. Mtoto aliyechapwa kwa kujinyea haendi chooni, anajizuia. Choo kinakaa, kinakauka, kinakuwa kigumu, siku kikitoka kinamchana, naye anaapa kutojaribu tena. Anavuka miguu, anasimama kwa vidole, anakaza makalio, na mama anadhani anasukuma kumbe anarudisha. Baada ya siku kadhaa choo laini hupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi bila yeye kuhisi. Nyumbani wanasema anahara, au anafanya makusudi, anachapwa tena. Dawa ya mzunguko huu ni maji, papai, mboga za majani, maharage, kupunguza maziwa ya ng'ombe yakizidi, na kumwona daktari, kwa sababu choo kilichoganda muda mrefu huhitaji dawa ya kukilainisha kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Zaidi ya yote, mtoto arudishiwe pampasi bila maneno mpaka maumivu yaishe. Kurudi nyuma namna hii hakuharibu chochote. Wapo pia wanaorudi nyuma wenyewe akizaliwa mdogo wao, wakihama nyumba, au mama akisafiri. Wakichukuliwa kwa upole, hurudi walipokuwa.

Sheria nayo imelisema hili kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 13, inakataza adhabu za kikatili na za kumdhalilisha mtoto, na inasema hakuna adhabu inayokubalika kwa mtoto ambaye kwa umri wake mdogo hawezi kuelewa makusudi ya adhabu hiyo. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuelewa kwa nini anachapwa kwa kitu kilichotoka chenyewe.

Usiku

Ukavu wa mchana na wa usiku ni vitu viwili, na huweza kupishana kwa miaka. Mchana mtoto anafundishika. Usiku anategemea kibofu kukua, ubongo kujifunza kumwamsha, na homoni ya vasopresini inayopunguza mkojo wakati wa kulala, mambo ambayo hayaharakishwi na mtu. Akifika miaka mitano, karibu mtoto mmoja kati ya saba bado hukojoa kitandani, na kila mwaka baadhi yao huacha bila tiba. Jambo hili hurithiwa pia: wazazi wote wawili wakiwa walikuwa vikojozi, watoto wao watatu kati ya wanne hufuata. Baba aliyelowesha godoro mpaka darasa la tatu angemwambia mwanawe hivyo waziwazi, angemsaidia kuliko hirizi yoyote.

Zipo dalili za kumpeleka hospitali. Mtoto aliyekwisha kuzoea kukaa mkavu kisha ghafla akaanza kujikojolea, akinywa maji kupita kiasi na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Anayelia akikojoa, mwenye homa au mkojo wenye harufu kali, apimwe maambukizi ya njia ya mkojo. Msichana afundishwe mapema kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Na tusisahau selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi duniani huzaliwa nayo, na ugonjwa huo hudhoofisha uwezo wa figo wa kukoleza mkojo, hivyo mtoto hukojoa mwingi na kulowesha kitanda hata akiwa mkubwa. Wapo wanaochapwa kwa uvivu wakati ni damu yao inayougua. Wapo wanaonyimwa maji kuanzia magharibi ili godoro libaki kavu, na kwa mwenye selimundu kukaukiwa maji mwilini kunaweza kumletea maumivu makali na kumlaza wodini. Mtoto huyo apewe maji yake kama daktari alivyoagiza, godoro livishwe nailoni, na shuka la pili liwekwe karibu.